Huzuni Nzito: Ni Upungufu wa Imani, ni Mwili, au ni Hali ya Dunia?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mngu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Lamu, Malindi na miji yote ya pwani: katika darsa zetu za baada ya Magharibi tumeulizwa mara nyingi suali moja. Kwa nini mtu huyu huishi na furaha, na yule huzongwa na huzuni hata asile wala asilale? Je, furaha na huzuni ni mambo ya moyo, kila mtu hujitakia mwenyewe? Au ni mambo ya mwili, kama homa na kisukari? Au ni mambo ya hali, yaani ufakiri, msiba na dhiki za ulimwengu?

Tulikuwa na jawabu tayari kwa suali hili, na tulilitoa bila ya kusita. Leo twaandika ili kulirudi jawabu hilo, maana lilikuwa pungufu, na upungufu wake ulikaribia kumuangamiza mtu. Haki ina haki zaidi ya kufuatwa kuliko heshima ya anayesema.

Khabari yenyewe ni hii. Mwezi wa Shaaban 1444, sawa na Machi 2023, tulisafiri pamoja na baadhi ya ndugu wa chuo chetu kupeleka sadaka Rhamu, mji ulio kando ya mto Daua katika jimbo la Mandera, ambao ng'ambo ya pili ya mto wake ni Uhabeshi. Nchi ile ilikuwa imepita katika ukame ambao wazee wake walisema hawajauona mfano wake. Misimu mitano ya mvua ilifululiza kukosa, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022. Mizoga ilikuwa kando ya njia. Mwanafunzi wetu mmoja, ambaye ni mzaliwa wa huko, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

Tulikutana na watu watatu, nasi hatutawataja majina.

Wa kwanza alikuwa mfugaji aliyekuwa na kundi kubwa la ngamia na ng'ombe, na asibakiwe ila na ngamia watatu. Alitupokea kwa uso mkunjufu, akatupikia chai, akatuchekesha, na kila neno lake lilikuwa ni Alhamdulillah.

Wa pili alikuwa jirani yake. Naye wanyama wake walikufa. Tulimkuta ameuelekeza uso wake ukutani, hasemi, na chakula kimewekwa mbele yake hakijaguswa. Watu wa kule humwita mtu wa namna hii kuwa amepatwa na niyad jab, yaani kuvunjika nia.

Wa tatu alikuwa mwenye duka. Ukame haukumgusa sana. Duka lilikuwa limejaa, watoto wake wazima, nyumba yake ya mawe. Lakini alitujia usiku, akatuambia kwa machozi kuwa tangu miezi sita moyo wake umekufa, usingizi humkimbia kabla ya alfajiri, na hapati ladha ya kitu chochote, na sababu haijui.

Tukasimama msikitini baada ya Isha, tukawapa watu mawaidha. Tukamsifu yule wa kwanza na kumfanya mfano. Tukamwambia wa pili amtazame jirani yake, kwani msiba wao ni mmoja. Ikiwa huyu aweza kucheka, kinachomzuia mwenziwe ni nini? Na kwa yule mwenye duka tulikuwa wakali zaidi. Tulimwambia kuwa mwenye neema kama zake hana ruhusa ya kuhuzunika, na kuwa Mwenyezi Mngu ametaja katika Sura ya Ar-Raad kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye. Basi moyo usiotulia ni moyo ulioghafilika. Tukamuamrisha aongeze nyiradi na sala za usiku. Tukarudi Mombasa tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Baada ya miezi minne mwana wa yule mwenye duka alitupigia simu. Alisema kuwa baba yake alifanya yote tuliyomuamrisha, wala hakupunguza hata rakaa moja. Aliposwali usiku kucha na huzuni isiondoke, alikata shauri kuwa dua zake zimerudishwa na kuwa yeye ni katika watu wa Motoni. Majirani walimkuta usiku peke yake ukingoni mwa mto, na maneno aliyowaambia yaliwatisha. Kisha yule kijana akatuuliza kwa adabu kubwa: "Sheikh, baba yangu alikuwa na ugonjwa, nanyi mkampa hukumu. Je, haya ndiyo aliyokuja nayo Mtume wetu?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jawabu. Tukarudi vitabuni, na tukaanza na Kitabu cha Mwenyezi Mngu.

Tulimkuta Nabii Yaakub, alayhi s-salaam. Sura ya Yusuf yatueleza kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, naye akawa ni mwenye kuizuia ghadhabu yake. Je, nani atathubutu kusema kuwa Nabii wa Mwenyezi Mngu alikuwa na upungufu wa imani? Yeye mwenyewe alisema kuwa masikitiko yake anamshitakia Mola wake. Basi imani na huzuni vilikaa pamoja katika kifua kimoja, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe.

Tukamkuta Bibi Maryam katika uchungu wa uzazi, chini ya mtende, akitamani lau angalikuwa amekufa kabla ya siku ile. Na tazameni alivyojibiwa! Hakukemewa. Kwanza aliambiwa asihuzunike; kisha akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, na akaambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Maji na chakula ni dawa ya mwili, na kuondolewa upweke na khofu ni dawa ya hali. Mwenyezi Mngu, aliyekuwa muweza wa kuutuliza moyo wake bila ya sababu yoyote, alichagua kuutuliza kwa sababu.

Na tukamkuta Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe. Mwisho wa Sura ya Al-Hijr Mola wake amwambia kwanza kuwa ajua kifua chake chaona dhiki kwa wayasemayo watu. Kisha ndipo amwamrisha kusabihi na kusujudu. Tazameni mpango wa maneno. Kujua maumivu kumetangulia nasaha. Sisi kule Rhamu tulitanguliza nasaha, na maumivu hatukuyauliza kabisa.

Huenda mtu akasema: Lakini Sura ya Taha si yasema kuwa mwenye kuupa mgongo ukumbusho wa Mwenyezi Mngu atapata maisha ya dhiki? Naam, yasema hivyo, na ni kweli tupu. Bali haikusema kuwa kila mwenye dhiki ameupa mgongo ukumbusho. Kila mlevi hupepesuka, lakini si kila apepesukaye ni mlevi. Yuko mwenye homa, na yuko mwenye njaa. Mwenye kuwakamata wote kwa kosa la ulevi amedhulumu. Na ile aya ya Ar-Raad ni mlango wa rehema aliofunguliwa mja, tusiugeuze rungu la kumpigia aliyekwisha anguka.

Kisha tukarudi kwa wanazuoni wetu wa zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, maana yake ni maslaha ya miili na nafsi. Katika kitabu hicho aliigawa huzuni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni huzuni ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupotewa na mali. Na dawa yake ni maneno ya nasaha, mazungumzo, na fikra njema. Fungu la pili ni huzuni isiyojulikana sababu yake, nayo alisema yatoka mwilini, katika damu. Na dawa yake ni kutibiwa mwili. Ilmu ya damu ya zama zake siyo ya leo, lakini mgawanyo wake ni sahihi, na zaidi ya miaka 1,000 imepita tangu aueleze. Mtu wetu wa pili na mtu wetu wa tatu walikuwamo ndani ya kitabu chake, nasi tuliosoma madrasa miaka ishirini hatukuwatambua walipokuwa mbele ya macho yetu!

Wala haya hayakubaki kitabuni tu. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Wazee wetu katika dini walimtibu mgonjwa huyu. Sisi tulio baada yao tumemrudisha kwa mganga, akapungiwa pepo, akavishwa hirizi, akachinjiwa mbuzi mweusi. Na wengine wamemfunga mnyororo chumbani ili wageni wasimwone. Ama kumsomea mgonjwa Qur'ani, hilo ni jema na lina asili katika Sunna. Lakini Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha kusoma ndiye aliyetuamrisha kutafuta dawa, akatukhabarisha kuwa Mwenyezi Mngu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Na Bibi Aisha, Mwenyezi Mngu amwie radhi, alikuwa akiamrisha wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kuwa humpumzisha mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Uji, ndugu zetu! Nani kati yetu atasema kuwa aliyepelekewa uji ametukanwa imani yake?

Tukitazama ilmu ya matabibu wa leo, twaona kuwa yaelekea njia ile ile. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kuwa watu kiasi cha milioni 280 duniani wana maradhi haya, ambayo kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa sonona au unyogovu. Mwaka 2000 ulikusanywa uchunguzi uliofanywa juu ya watoto pacha, na hesabu yake ni kuwa kiasi cha 37 katika 100 ya tafauti baina ya watu katika maradhi haya yatokana na urithi wa damu. Tezi ya shingo ikipungua nguvu, mtu huweza kuingiwa na huzuni asiyoijua inakotoka. Mwanamke aliyezaa huweza kupatwa nayo ilhali mtoto ni mzima na mume ni mwema. Basi mwili una sehemu yake, hapana shaka. Lakini 37 si 100. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, haikuletwa na urithi. Imeletwa na mambo yampatayo mtu maishani mwake.

Na juu ya hali, tunao ushahidi hapa hapa Afrika ya Mashariki. Baina ya 2011 na 2013, huko Rarieda, magharibi ya Kenya, mafakiri waliochaguliwa kwa kura walipewa fedha bila ya sharti lolote, kisha wakalinganishwa na wenzao wasiopewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: waliopewa hawakuongeza chakula na mifugo tu, bali walikuwa na furaha zaidi na dhiki ya moyo kidogo zaidi. Hawakuhubiriwa. Waliondolewa mzigo, mgongo ukanyooka.

Na juu ya moyo na maneno, tazameni Uganda. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai watu wenye huzuni nzito walikusanywa makundi makundi, wakawa wakikutana kila wiki kwa muda wa wiki 16, kila mmoja akieleza lililompata na wenzake wakimsaidia kutafuta njia. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Katika waliokutana hivyo, waliobaki na maradhi ni kiasi cha 6 au 7 katika 100. Katika wasiokutana, walibaki 55 katika 100. Hawakupewa dawa wala fedha. Walipewa masikio ya wenzao na mpango wa kuyakabili mambo yao.

Basi nani mkweli katika wale watatu: asemaye mwili, asemaye hali, au asemaye moyo? Wote ni wakweli kwa sehemu, na kila mmoja huwa muongo anapodai kuwa sehemu yake ndiyo nzima. Binadamu ni kama jahazi. Yuko nahodha, na ziko mbao, na iko bahari. Nahodha hodari hulipitisha jahazi penye mawimbi yatakayomzamisha mjinga. Lakini mbao zikiwa zimeoza, humlaumu nahodha kwa nini? Na tufani ikiwa kubwa, hata jahazi jipya lenye nahodha bora hutafuta bandari.

Tulirudi Rhamu Shaaban ya 1445, Februari 2024, kuomba radhi. Tulimkuta mwenye duka dukani kwake. Mwanawe alikuwa amempeleka kwa tabibu mjini Mandera, akapewa dawa za kumeza kila siku, na akaambiwa awe na subira wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu. Usingizi ulirudi kwanza, kisha hamu ya chakula, kisha machozi yakakoma. Alitusamehe kabla hatujamaliza maneno yetu. Alituambia jambo tunalopenda kila mtu alisikie: kuwa hakupata utamu wa sala kwa kuongeza sala alipokuwa mgonjwa, bali alipopona mwili ndipo sala yake ilipopata utamu. Dawa haikuchukua mahali pa imani yake, ilimrudishia.

Yule aliyeelekea ukutani tulimkuta shambani. Jamaa zake walimchangia mbuzi wanne na kumkatia kipande cha ardhi kando ya Daua, akapanda vitunguu. Mtu ni yule yule, na imani yake ni ile ile aliyokuwa nayo tulipomlaumu.

Na yule mchangamfu? Safari hii tulimuuliza tusiyomuuliza kwanza. Tukajua kuwa ana wana wawili Eastleigh, Nairobi, wampigiao simu kila usiku na kumletea matumizi, na ndugu mwenye ngamia ng'ambo ya mto. Jirani yake hakuwa na mtu. Yeye mwenyewe alituambia kuwa lau angalikuwa peke yake, naye angaliutazama ukuta. Tulichokiita nguvu ya moyo kwa sehemu kilikuwa ni nguvu ya jamaa. Hata hivyo hatumnyang'anyi fadhila yake. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalikuwa yamemchukulia shamba lake, na bado kila alfajiri alikuwa akizunguka kuwajulia hali majirani zake. Na wako wengine wenye wana na ndugu ambao msiba mdogo kuliko huo uliwaangusha. Moyo uliozoezwa shukrani siku ya raha humfaa mtu siku ya shida, kama mwenye akiba ya maji wakati wa kiangazi. Lakini akiba huwekwa kabla. Mtu haambiwi achimbe kisima wakati anakufa kwa kiu.

Ndugu zetu, msidhani kuwa haya ni ya Rhamu peke yake. Katika mitaa yetu yumo mjane anayemaliza eda na hakuna amgongeaye mlango. Yumo kijana aliyemaliza masomo na mwaka wa nne huu hana kazi. Yumo mzazi mchanga aliaye usiku na mavyaa yake humwambia anadeka. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi yatupasa mambo manne.

La kwanza, tuulize kabla ya kuhukumu, na tusikilize hata mtu amalize. La pili, huzuni ikipita wiki mbili na kumzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi yake, tumpeleke kwa tabibu kama tunavyompeleka mwenye malaria, bila ya kuona haya. La tatu, tutazame hali yake: ana deni, ana njaa, ana upweke? Zaka na sadaka zetu ndiyo dawa ya fungu hili, na mwenye kutoa nasaha ilhali aweza kutoa shilingi amefanya ubakhili kwa jina la dini. La nne, baada ya hayo na pamoja nayo, tumkumbushe Mola wake kwa upole: dhikri, Qur'ani, sala ya jamaa, na ile dua ya Mtume ya kujilinda na hamu na huzuni. Nani angalijilinda na kitu kisichoweza kumpata?

Na mtu akikwambia kuwa amechoka na uhai, usimkemee wala usimwache peke yake. Kaa naye, waite jamaa zake, mpelekeni penye tiba saa ile ile. Kujiua ni haramu, hilo halina khitilafu. Lakini aya ya Sura ya An-Nisaa iliyotukataza kujiua imemalizika kwa kutaja kuwa Mwenyezi Mngu ni mwenye kuturehemu. Hata sheria ya nchi imeanza kufahamu maana hii: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilihukumu kuwa kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai chapingana na Katiba. Ikiwa kadhi wa serikali ameona kuwa huyu ni mgonjwa, sisi watu wa rehema tusiwe wa nyuma.

Twamuomba Mwenyezi Mngu atusamehe tulilolisema bila ya ilmu, awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, awaondolee dhiki walio katika dhiki, na atujaalie tuwe bandari kwa wenzetu wakati wa tufani. Wallahu aalam. Amin.